Anayetangulia na Uso

Hapo zamani, si zamani ya wafalme na wanyama wasemao, ila zamani ya juzi tu, picha zilipokuwa bado zinasafishwa kwa dawa na maji, na mtu akingoja wiki nzima kujua kama alifumba macho, palikuwa na mji mdogo chini ya milima, katikati ya mashamba ya mkonge. Mji uliitwa Kwamrindi. Watu wake walikuja kukata mkonge kutoka kusini, kutoka magharibi, kutoka milimani juu. Kila kundi lilikuja na desturi yake ya kuzika. Kwa kuwa walikufa mbali na kwao wakazikana wao kwa wao, desturi hizo zilichanganyika mpaka ikabaki moja.

Desturi yenyewe ni hii. Jeneza halikutoka nyumbani bila uso kutangulia. Mtu mmoja aliishika picha ya marehemu kifuani, ndani ya fremu ya kioo, akatembea mbele peke yake. Kaburini mzee wa mji alimwuliza, "Ni nani huyu?" Mbebaji alilitaja jina, kisha akasema neno moja: "Nilimwona." Hapo ndipo udongo ulipoanza kurudishwa. Neno hilo halikusemwa na watu wawili. Nakala za picha zingeweza kuwa mia, lakini anayetangulia alikuwa mmoja, na tangu siku hiyo mji ulimhesabu yeye kuwa ndiye mwenye marehemu.

Desturi ilisema: mume humbeba mke, mzazi humbeba mtoto, mtoto humbeba mzazi. Desturi ilisema tena: aliyeileta picha ndiye aibebaye. Kauli hizo mbili hazikuwahi kugombana, kwa sababu picha ya mtu hukaa nyumbani kwake. Ziligombana siku alipofariki Nakundwa.

Nakundwa alikuwa mke wa mpiga picha.

Mumewe aliitwa Kajiru. Hakuwa mpiga picha wa harusi wala wa vitambulisho. Kazi yake ilikuwa kuonyesha watu wanavyoishi. Alipiga wakataji wakiwa wameinama. Alipiga wanawake wakianika singa kwenye kamba, zile nyuzi nyeupe za mkonge, ndefu kama nywele za bibi kizee. Alipiga korona, mashine inayokamua jani la mkonge mpaka zibaki nyuzi tupu, pamoja na watu waliosimama mbele yake kuilisha. Alikuwa na sharti moja. Mtu akiitazama kamera, picha hiyo haifai.

"Akinitazama," alikuwa akisema, "ameacha kuishi, ameanza kupigwa picha."

Hakutumia fleshi, kwa sababu fleshi huwashtua watu. Badala yake Nakundwa alisimama pembeni ameshika shuka jeupe, akalielekeza juani, mwanga ukadunda kutoka kwenye shuka ukaangukia nyuso za watu. Ndani ya banda la korona, ambamo saa sita ya mchana ni kama magharibi, uso wa mtu ulionekana kwa sababu ya shuka lile. Mikono yake ilitetemeka, kwa kuwa shuka hushika upepo, lakini hakulishusha mpaka aambiwe.

Filamu zilipelekwa kwa Mwanahawa, mjane mwenye studio karibu na stesheni. Mwanahawa alifunga mlango wa chumba cha giza, akasafisha, akatoa picha.

Kajiru akapiga, Nakundwa akaangaza, Mwanahawa akasafisha. Mwaka ukapita. Kajiru akapiga, Nakundwa akaangaza, Mwanahawa akasafisha. Miaka ikapita. Picha zikaenda miji mikubwa, zikatundikwa kwenye kuta za watu wasiojua singa mbichi inanuka vipi. Chini ya kila picha liliandikwa jina moja.

Basi kambini alikuwako mkataji mmoja, Osmundi, mtu wa kusini. Alihamishiwa korona, na korona ikamla mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Kidonda kilipopona Kajiru alitaka kumpiga picha. Osmundi akakataa. Kajiru akarudi mara ya pili, Osmundi akakataa. Mara ya tatu akaja Nakundwa, mtu wa milimani.

Watu wa kusini na watu wa milimani walikuwa watani pale kambini. Mtani humwambia mtani lolote na hakuna anayekasirika.

"Mtani," akasema Nakundwa, "unaficha nini? Hata ulipokuwa na miwili hukuwa mzuri."

"Nyinyi watu wa milimani," akasema Osmundi, "mkiona kitu bure lazima mkichukue. Hata mkono usiokuwepo mnautaka."

"Tukiuchukua huo tutakuachia huu mwingine. Kaa hapo karibu na mlango."

Osmundi akakaa. Nakundwa akashika shuka. Osmundi akatazama pembeni kama alivyoambiwa, Kajiru akapiga. Picha ile ilimpa Kajiru sifa kuliko zote.

Tangu hapo Osmundi na Nakundwa wakawa hawakutani bila kutaniana. Siku moja Kajiru aliiacha kamera juu ya robota la singa, akaenda kumwomba msimamizi ruhusa ya kuingia bandani. Osmundi akaichukua.

"Leo nakupiga wewe, mke wa Bwana Picha."

"Iache hiyo, mtani. Hiyo inataka mikono miwili."

"Wa kwanza unatosha. Wa pili mnao nyinyi, mmeutundika ukutani."

Akaiegemeza kamera kwenye kisiki cha mkono wake, akaibana kwa kidevu kama mtu anayeshikilia fidla, akafumba jicho lisilotakiwa kufumbwa. Nakundwa akacheka. Alicheka mpaka shuka likamwanguka miguuni. Osmundi akabonyeza.

Filamu ikaenda kwa Mwanahawa. Mwanahawa akasafisha, akatoa karatasi ya majaribio yenye picha zote ndogo ndogo, akampelekea Kajiru achague. Kajiru alipofika kwenye ile ya mkewe alisimama kidogo. Ilikuwa imepinda, na mtu alikuwa anaitazama kamera. Akachukua kalamu nyekundu, akaitia mkasi, alama ya kutupwa. Nakundwa alikuwa jikoni. Hakuonyeshwa.

Mwanahawa hakuitupa. Alikikata kile kipande cha filamu chenye picha hiyo, yaani negativu, akaifunga kwenye karatasi laini, akaiweka kwenye kopo la biskuti.

Hayo yalikuwa mambo madogo, na mambo madogo husahaulika. Lisilosahaulika lilikuja baadaye. Osmundi alikuwa na mama yake kusini, kikongwe, ambaye hakuwahi kuambiwa habari ya mkono. Kila likizo ilipokaribia Osmundi alipata sababu ya kutokwenda. Mjukuu mmoja aliyesoma mji mkubwa akaiona picha ukutani, akarudi kijijini akasimulia. Kikongwe akatuma salamu: "Mwambieni mwanangu, watu nisiowajua wameuona mkono wake kabla yangu."

Osmundi hakumwendea Kajiru. Alifunga mlango. Nakundwa alipopata habari alikwenda kambini peke yake kumwomba radhi, ingawa kidole kilichobonyeza hakikuwa chake. Akapiga hodi. Akasema, "Mtani, ni mimi." Ndani kimya. Akasimama juani mpaka majirani wakamwonea haya. Akarudi. Osmundi alikuwa ameketi ndani, nyuma ya ubao wa mlango, anamsikia anavyopumua.

Kisha Nakundwa akaanza kukohoa. Akakohoa msimu wa mvua, akakohoa msimu wa jua. Shuka likawa zito, akawa analishika akiwa ameketi, kisha akawa halishiki. Kajiru akaiweka kamera kabatini. Akajifunza kupika uji usio na madonge. Akamwogesha, akamgeuza ubavu huu, akamgeuza ubavu ule.

Alipokuwa bado anaweza kutembea, Nakundwa alipita studio siku moja, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Dada Mwanahawa," akasema, "hivi mimi sina picha hata moja?"

Mwanahawa akatazama rafu lilipo kopo la biskuti. Akafikiria alama nyekundu. Akafikiria kwamba Kajiru atauliza kwa nini hakutii, na kwamba bila filamu za Kajiru studio ile ina kiti na pazia tu.

"Nitatafuta," akasema.

Hakutafuta. Nakundwa akafa.

Dada yake, Nakiete, akateremka kutoka milimani na wazee wawili na gari la kuchukulia maiti, maana Nakundwa alitaka kulala kwao. Jeneza likafungwa. Mzee wa mji akauliza kama ilivyo desturi, "Uso uko wapi?"

Kajiru akaingia ndani. Akafungua kabati, akafungua masanduku, akafungua bahasha. Watu wakamsikia akipekua. Akatoa picha za mji mzima: waliozaliwa, waliokufa, waliohama. Nakiete akaingia kumsaidia, naye akapekua. Katika picha hii palikuwa na kivuli cha mtu aliyeinua mikono. Katika picha ile, ncha ya shuka. Katika nyingine, kidole.

"Shemeji," akasema Nakiete polepole, "hawa wote umewaona. Mwenzako alikuwa wapi?"

"Alikuwa pembeni," akasema Kajiru.

Ndipo Mwanahawa akafika na fremu imefungwa kwa kanga. Alipopata habari ya msiba alikuwa amelifungua lile kopo. Negativu ilikuwa imeota ukungu ukingoni, lakini uso ulikuwa mzima. Alikuwa ameikuza, ameikausha, ameitia kioo. Akaifungua kanga mbele ya watu. Nakundwa akaonekana anacheka, kichwa amekitupa upande, pengo la jino wazi, macho yakimtazama kila aliyetazama.

Kajiru akaitazama picha kwa muda mrefu. Alikuwa ameishi na mwanamke yule tangu ujana wake. Akaitambua picha aliyoitia alama nyekundu.

Nakiete akaipokea fremu. Akauliza, "Nani anatangulia?"

Kajiru akanyoosha mikono miwili. Mwanahawa akanyoosha mikono miwili. Na kutoka nyuma ya watu, akipenya kwa bega, akaja Osmundi, akanyoosha mkono mmoja.

Mtu mmoja akacheka kidogo, akajizuia.

"Haya," akasema Nakiete. "Mimi nimechoka, na njia ya milimani ina utelezi. Kila mtu aseme lake, na aseme mara moja. Shemeji, anza."

Kajiru akasema, "Mimi ni mume. Sitarudia hilo, mnalijua. Mnasema sikumwona kwa kuwa sina picha yake. Picha ni za watu ninaotaka wengine wawaone. Yeye nilimwona mwenyewe. Nilimwogesha. Nilimwona alipokuwa hataki kuonwa na mtu, na kamera nikaifungia kabatini. Na nyuso zote mlizozitoa masandukuni, mwanga uliozifikia ulitoka mikononi mwake. Hakuna picha yangu ambayo yeye hayumo. Yumo kwa namna mtu anavyokuwamo kwenye mwanga."

"Umesema vizuri," akasema Nakiete. "Watu waliosoma husema vizuri. Lakini picha hii aliipiga nani?"

"Mimi," akasema Osmundi. "Tena kwa mkono mmoja, kazi ambayo huyu ameifanya kwa miwili miaka yote asiipate. Mtani ana haki msibani, mama, huwezi kuninyima. Tazameni macho hayo. Anamtazama nani? Ananitazama mimi. Uso huu alinipa mimi. Bwana Picha alinipiga mkono usiokuwepo. Mimi nilimpiga mkewe uso uliokuwepo."

"Mtani," akasema Nakiete, "ulipigiwa hodi, sivyo?"

Osmundi akashusha mkono. Kisha akauinua tena.

"Nilipigiwa."

"Ulifungua?"

"Sikufungua. Nilikuwa na hasira na mumewe, yeye ndiye aliyesimama juani. Nilijua ni yeye, namjua hata pumzi. Ndiyo maana nataka kutangulia leo. Hodi ile sijaiitikia bado."

"Na wewe, Bi Mwanahawa? Kwenu nyinyi maiti haitanguliziwi picha."

"Kwetu haitanguliziwi," akasema Mwanahawa, "na msiba huu si wa kwetu. Lakini aliyeileta ndiye aibebaye, hiyo ni desturi yenu, sikuitunga mimi. Na nitakwambia kingine. Miaka yote Bwana Kajiru aliniletea filamu akaniambia, 'Kata pembeni, pana kivuli.' Pembeni alikuwa yeye. Nilimkata kwa mkono huu, kila wiki, mpaka nikazijua kucha zake, nikakijua kivuli chake kinavyoinama akichoka. Mume alikuwa anatazama mbele. Mtani alimtazama mara moja, akabonyeza. Mimi gizani nilimtazama kila wiki. Siku alipotakiwa kutupwa, sikumtupa."

"Ulimwonyesha?" akauliza Nakiete.

"Alikuja kuniuliza," akasema Mwanahawa. "Nikamwambia nitatafuta. Nilikuwa najua iko wapi. Niliogopa kupoteza kazi."

"Kwa hiyo dada yangu amekufa hajajiona."

"Amekufa hajajiona."

Mzee wa mji akasema, "Basi mume aichukue. Mume ni mume." Wazee wawili wa milimani wakaitikia. Lakini wanawake waliokaa kwenye mikeka wakaguna. Mmoja, asiyetaka kutajwa jina, akasema, "Mume aliyeitia mkasi?" Kumbe habari ya alama nyekundu ilikuwa imepenya mpaka mikekani; tangu msiba ulipotangazwa Mwanahawa hakuwa ameinyamazia. Mwingine akasema, "Mnasahau uji. Nani kati yenu angempikia uji?" Wa tatu akasema, "Fremu haibebwi kwa mkono mmoja, itaanguka." Osmundi akamwambia, "Mama, mimi nimelea watoto wanne kwa mkono huu. Hakuna aliyeanguka."

Gari likawashwa. Dereva alitaka kupita kona za mlimani kabla mvua haijashuka.

Jua lilikuwa limehamia nyuma ya nyumba, na kibaraza kikawa gizani. Kioo cha fremu mikononi mwa Nakiete kiligeuka cheusi. Waliosimama uwanjani hawakuuona uso tena, waliona sura zao wenyewe.

Kajiru akashusha mikono. Akaingia ndani. Watu wakadhani amekwenda kulia, wakampisha. Akatoka na shuka jeupe limekunjwa, lina doa la kutu la msumari lilipokuwa likitundikwa. Akalikunjua. Akateremka mpaka pembeni mwa uwanja, panapopata jua, akaliinua kwa mikono miwili, akaligeuza kidogo kidogo kama mtu anayetafuta kitu asichokizoea, maana kazi hiyo hakuwahi kuifanya. Mwanga ukapita ukutani, ukapita mlangoni, ukapita kwenye jeneza, ukatua kwenye kioo.

Nakundwa akaonekana, anacheka.

Upepo ukalivuta shuka, mikono ya Kajiru ikaanza kutetemeka. Hakulishusha. Mahali aliposimama hakuweza kuiona picha; aliona mgongo wa fremu na vidole vya shemeji yake tu.

Osmundi akasogea hatua, mkono umenyooka. Mwanahawa akasogea hatua, mikono imenyooka. Nakiete akamtazama huyu, akamtazama yule, akamtazama aliye pembeni na shuka, na hakujua kama yule ameuachia uso ama ameudai kuliko wote.

"Semeni," akasema Nakiete, "maana dada yangu hawezi kungoja tena juani."

Nasi hadithi tumeiachia hapo uwanjani, gari likiwa limewashwa. Mume alimwogesha na kumwangalia mpaka mwisho, lakini aliitia alama nyekundu picha yake. Mtani alimchekesha akaupata uso, lakini hakumfungulia mlango. Mwenye studio aliuhifadhi uso gizani, lakini alimnyima mwenyewe. Mlimani kaburi liko wazi, na mzee atauliza, "Ni nani huyu?" Neno la kujibu ni moja, na mdomo wa kulisema ni mmoja.

Je, nani alistahili kusema, "Nilimwona"?